Askari Asiye na Uso

Jumamosi, 6 Septemba

"Watu wetu wamechoka kuonyeshwa viboko. Urithi huadhimishwa kwa rangi na ngoma. Majeraha yana mahali pake." Ndivyo alivyoandika Anaïs, anayeratibu maonyesho ya urithi wa Afrika na Karibi hapa Auderghem, katika barua aliyovipelekea vikundi vyote vitakavyoshiriki mwezi wa Novemba. Nimeisoma mara tatu ndani ya basi, na mara zote tatu nimekaribia kushuka kituo kisicho changu kwa hasira.

Watu wetu gani waliochoka? Nina miaka hamsini na miwili. Nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura, nimekaa Ubelgiji miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo nimeonyeshwa vinyago, mikuki, tembo aliyekaushwa na picha za masista wakigawa maziwa. Kiboko sijaonyeshwa hata kimoja. Binti yangu Amira amesoma hapa hapa mpaka akamaliza, na Kongo ilitajwa darasani kwa saa mbili, moja ikiwa ya sokwe. Mtu hachoki kwa mzigo ambao hajatwishwa. Na kama majeraha yana mahali pake, Anaïs anitajie anwani, nipande tramu niende.

Ninaanza daftari hili leo ili vita hivi viwe na kumbukumbu. Nitakachoona kinafaa nitakichapa katika Upupu, kile kikaratasi changu ambacho kwa miaka tisa nimekuwa nikikiacha kwenye saluni na maduka ya barabara ya Chaussée de Wavre, na ambacho, kwa neema ya Mungu, kimenipatia maadui wa kutosha.

Jumamosi, 13 Septemba

Kazi imeanza, katika ukumbi mmoja wa manispaa. Tuko wanane, na mwalimu wetu ni Papa Rigobert, mzee wa miaka sitini na minane. Alikuwa mchoraji Lubumbashi, mtaa wa Katuba, akiuza picha nyumba kwa nyumba. Hapa amefagia stesheni ya Gare du Midi hadi alipostaafu. Kwao walichora juu ya magunia ya unga. Unga wa hapa huja katika karatasi, kwa hiyo nimeomba shuka kuukuu katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi, na Maman Marie-Jeanne, mwenye duka la vitenge, ameshona shuka sita zikawa moja. Ndefu kuliko ukuta wa sebule yangu.

Picha itakuwa na sehemu tatu. Kushoto mashamba ya miwa ya Guadeloupe na ngoma zake; hiyo itachorwa na wanafunzi wawili wa ngoma wa Anaïs. Kulia ni Chaussée de Wavre ya leo. Katikati itakuwa ile picha ambayo zamani kila sebule ya Lubumbashi ilikuwa nayo: mfungwa amelala kifudifudi, askari mweusi ameinua fimbo, afisa Mzungu anatazama huku akivuta kiko.

Mwanamke mmoja akauliza kama tuandike maelezo chini. Papa Rigobert akacheka.

"Picha haiko ya kuangalia tu, maman. Iko ukumbusho. Mugeni anaikala, anakunywa kinywaji yake, anauliza: ule njo nani? Apo mwenye nyumba anaanza kuelezea. Picha bila muntu wa kuelezea iko sawa radio bila pile, haiseme."

Nimempenda mzee huyu.

Jumamosi, 20 Septemba

Mvua. Tumepaka miwa tu.

Jumamosi, 27 Septemba

Katikati pameanza kuishi. Mfungwa ana nguo zenye mistari, na mgongo wake unaumiza macho. Afisa amepata kofia, kiko na kitambi. Askari amepata kofia nyekundu, kaptura ya buluu na mkono ulioinuliwa. Uso hana. Papa Rigobert aliuanza mara mbili, akaukwangua mara mbili. Anasema unyevu wa ukumbi hauruhusu rangi ya mafuta kukauka.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mvua tena, majani ya msitu wa jirani yameziba mtaro na maji yameingia hadi mlangoni. Askari bado hana uso. Maman Marie-Jeanne, aliyeleta vitenge vya kushonea pindo, amesimama mbele ya picha mikono kiunoni.

"Papa Rigobert, ule polisi atangoya sura mpaka sikukuu ya Noël?"

"Sura haiko sombe ya ku chungu, maman. Haiivi mbio-mbio."

"Basi umuwekee ya bwana yangu. Iko ku télévision siku yote, haina kazi!"

Tulicheka wote. Papa Rigobert alicheka kidogo, kisha akageukia kopo lake la rangi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Anaïs amekuja kukagua. Nilikuwa nimejinoa wiki nzima. Ni mwembamba, ana miaka thelathini na kitu, mama yake ni wa Guadeloupe, na kila Jumatano anafundisha ngoma watoto arobaini. Tulizungumza Kifaransa, naandika bila kumpunguzia wala kumwongezea.

Aliisogelea sehemu ya katikati. Akasema, "Hii ndiyo niliyoiogopa."

"Umeogopa picha au umeogopa manispaa?"

"Nimeogopa kwa ajili ya watoto, Madame. Wananiambia kwamba darasani, neno 'mweusi' likitajwa, mnyororo unafuata, na wenzao wanageuka kuwatazama. Nataka siku moja tu ambayo hawatainamisha kichwa."

"Kichwa kilichoinamishwa na ujinga nacho kimeinama."

"Wewe ni hodari wa kushinda mabishano, kisha unarudi nyumbani. Mimi Jumatano nabaki nao."

Nilikuwa na jibu. Ninalo hata sasa. Lakini alikuwa ameshaondoka, na Papa Rigobert alikuwa akiosha brashi iliyokuwa safi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Askari bado hana uso.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimefika ukumbini na katikati pa picha ni peupe. Mfungwa hayupo, afisa hayupo, askari hayupo. Rangi nyeupe kutoka juu hadi chini. Papa Rigobert ameketi kwenye kiti, brashi magotini.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mi."

"Anaïs amekutisha?"

"Hapana."

"Manispaa wamekuahidi nini?"

"Mama Amira, minasema tutapanda muti pale. Muti mukubwa, na bandeke."

Mti na ndege! Wiki sita za kazi, shuka sita, na kijana mmoja wa kike mwenye barua, basi mzee mzima anatuchorea ndege. Nimemwambia mambo ambayo sitayaandika hapa. Hakujibu hata moja. Naijua aina hii ya ukimya. Nimeiona kwa baba zetu mbele ya dirisha la ofisi, kofia mkononi.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimeandika Upupu kwa kikao kimoja. Nanakili hapa kipande chake, ili siku moja nisije nikadai sikukiandika:

"Katika picha hiyo aliyelala chini ni babu wa Papa Rigobert, kama ilivyo kwa babu zetu sote. Wabelgiji walimchapa mara ya kwanza. Mjukuu wake amemfunika kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake mwenyewe, ili asiwaudhi wenye ukumbi. Kibaraka wa zamani angalau alilazimishwa."

Jumatano, 22 Oktoba

Nakala mia tatu zimekwisha kwa siku mbili. Katika saluni moja walinisomea kwa sauti, wakanipigia makofi.

Jumamosi, 25 Oktoba

Papa Rigobert hakuja. Tumepaka maduka ya Chaussée de Wavre bila yeye, na majengo yote yamelalia upande mmoja.

Jumamosi, 1 Novemba

Hakuja tena. Anaïs ameniuliza, kwa upole ulioniudhi, kama ni yeye aliyemwudhi mzee kwa barua ile. Alikuta katikati peupe kama mimi nilivyokuta. Hakuwa ameomba chochote zaidi, wala hakuwa amempigia simu. Nimemtazama usoni, na mimi huwatambua waongo. Hakuwa anadanganya.

Basi ni nani aliyemwogopesha?

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekwenda kwake. Anakaa karibu na Gare du Midi, chumba na sebule, ghorofa ya pili. Nilijiandaa kwa ugomvi, maana ugomvi ndio ninaoujua. Alifungua mlango, akasema, "Ingia, mama, baridi iko mingi," akaweka maji ya chai jikoni.

Ukutani kulikuwa na kalenda tu. Nyumba ya mchoraji wa Katuba, na hakuna picha hata moja. Upupu wangu ulikuwa mezani, umekunjwa mara nne.

Alikunywa nusu ya kikombe. Kisha akatoa bahasha ndani ya Biblia, na ndani ya bahasha picha ndogo ya kamera za zamani, kingo zake zimeliwa. Mwanamume amesimama wima. Kofia ndefu, kaptura, nguo imezungushwa miguuni kutoka kifundoni hadi gotini. Chini ya kwapa amebana fimbo.

"Mama Amira, weye ulisoma bitabu mingi. Lakini hukuniuliza. Ule mwenye kulala chini, mi simujue. Ule mwenye kushika fimbo njo nkambo yangu, babu yangu ya damu."

Nilichukua Upupu wangu mezani nikautia mkobani. Wanaonijua wajue kwamba hilo lilitokea.

Akaendelea, macho yake kwenye kikombe. "Alikuwa polisi ya Bazungu kule Likasi. Alikufa mi niko na myaka kumi na moja. Alinipendaka sana. Alikuwa anakata mukate, ananipa ile sehemu ya katikati, laini. Na mukono ule ule. Unasikia? Mukono ule ule."

"Katuba walijua?"

"Nani atauliza? Ile picha niliipaka pengine mara mia mbili, niliuzisha ku mayumba ya bantu, na polisi nilimupatia sura ya bure, sura ya muntu yote. Hapa nilisema: bon, sasa niko muzee, niko mbali, nimupe sura yake. Nikapaka, nikakwangula. Nikapaka, nikakwangula. Mukono ikakatala. Donc nikasema tupande muti."

Nilimwomba msamaha. Nilitumia maneno mengi, kama kawaida yangu, na yote yalikuwa mafupi kuliko kosa. Nilikuwa nimempa babu nisiyemjua, kisha nikamtukana kwa kumsaliti. Kwa miaka yote hiyo nimetazama picha zile katika nyumba za Wakongo, na kila mara nimejilaza moja kwa moja pale chini pamoja na mfungwa. Haikunijia hata siku moja kwamba yule aliyesimama naye alizaa, na kwamba watoto wake nao walipata watoto, na kwamba baadhi yao wanasoma Upupu.

Aliponisindikiza mlangoni alisema, "Siko na kisirani na weye. Lakini uandike ingine. Na uandike kweli yote, na jina yangu."

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeandika nyingine, na jina lake, na kosa langu kwenye mstari wa kwanza. Nimempelekea Maman Marie-Jeanne dukani kabla ya mtu yeyote. Alisoma amesimama kati ya marobota ya vitenge, miwani kwenye ncha ya pua. Alipomaliza akaiweka juu ya meza ya kukatia na kuilaza kwa kiganja.

"Nkambo yangu alichapwa Kolwezi. Fimbo makumi mbili, juu ya kuchelewa kazi. Mama anasema mpaka alikufa alikuwa anaikala upande moja tu. Na mi nimeshona drap, shuka ya mujukuu ya polisi?"

"Si yule askari, Maman. Yule wa Papa Rigobert alikuwa Likasi."

"Likasi, Kolwezi, si ni fimbo moja ya Bazungu? Toka hapa, Mama Amira. Leo toka."

Alasiri alikwenda ukumbini akachukua pindo lake la vitenge.

Jumapili, 9 Novemba

Nimempigia simu shangazi, Buyenzi. Tuna picha moja ya babu, imetundikwa kwake sebuleni tangu nikiwa mtoto. Amesimama wima, nguo imezungushwa miguuni hadi gotini. Nimeiona maisha yangu yote. Nikamwuliza babu alikuwa na kazi gani.

Shangazi aliwafukuza kuku wake kwanza. Kisha akasema, "Mwanangu, hiki kiwanja tunachokaa unadhani Wazungu walitupa kwa ajili ya uzuri wetu?"

Jumatano, 12 Novemba

Simu tatu leo, baada ya Upupu kutoka. Mwanamume wa Lubumbashi, sauti ya mtu aliyesoma: babu yake alikuwa karani aliyeandika orodha ya watakaochapwa. Mwanamke wa Bujumbura: babu yake alikuwa askari. Mwanamke mwingine, alilia zaidi ya alivyosema. Wote watatu walikataa kutaja majina. Mmoja aliniambia, "Hongera kwa ujasiri wako, dada," akakata.

Mvua haijakatika tangu Jumapili.

Jumamosi, 15 Novemba

Papa Rigobert amerudi. Aliomba ndoo ya maji na sponji. Nikadhani anataka kuosha sakafu. Akalowesha sponji, akaipitisha polepole juu ya ile sehemu nyeupe, na mgongo wa mfungwa ukatokea, mzima, bila kovu jipya.

"Nilipaka ya maji juu ya mafuta," alisema. "Fundi mwenye kutaka kufuta hafutake vile."

Mwanamke mwenzetu anayeshika daftari la mahudhurio alianza kulia. Mimi nilishika ndoo.

Uso umechukua saa moja na nusu. Picha ndogo ilibanwa kwenye ubao kando yake. Hakukwangua hata mara moja. Uso si wa mtu mbaya, na hilo ndilo linalotisha. Ni uso wa mtu anayesikiliza amri na kuogopa kuikosea.

Maman Marie-Jeanne aliingia wakati anamalizia nyusi. Koti limelowa, mfuko mkononi. Hakusalimia. Alitembea hadi mbele ya picha.

"Jina yake?"

"Bienaimé," alijibu mzee. "Bapadri njo balimupa."

"Bienaimé!" Alicheka kicheko kikavu. "Mupendwa, na fimbo mukononi. Ah, bapadri." Akavuta kiti, akatoa pindo ndani ya mfuko, akatafuta tundu la sindano. "Sikusamehe, Papa Rigobert. Usikie muzuri. Ninashona tu."

"Minasikia, maman."

"Na usiniangalie."

"Siangalie."

Ameshona hadi mlinzi alipokuja kufunga.

Alhamisi, 20 Novemba

Kikao cha kamati. Bwana mmoja kutoka manispaa, mpole na mwenye kalamu mbili, alipendekeza picha iwekwe kwenye chumba cha pembeni chenye pazia. Nilikuwa na kurasa nne za kumjibu. Sikuzifikia. Anaïs alisimama kabla yangu.

"Mimi ndiye niliyeandika kwamba majeraha yana mahali pake," alisema. "Nilikuwa nafikiri picha hii inasema jambo moja, lile ambalo watoto wangu wameshalisikia. Sasa nimesikia ni babu wa nani. Kwetu Guadeloupe, shambani, palikuwa na mtu aliyeitwa commandeur. Mtumwa kama wengine, mweusi kama mimi, na kiboko alikishika yeye. Tuna ngoma zinazomtaja. Nimewafundisha watoto mapigo yake miaka sita, na sijawahi kuwaambia wimbo unamsema nani." Akamgeukia yule bwana. "Ukumbi mkubwa. Ukuta wa mbele."

Kura tano kwa mbili. Nilidhani kwa miezi miwili napigana na mwoga. Barua yake bado naipinga, neno kwa neno, na nimemwambia. Amesema tutabishana Jumatano, baada ya ngoma, ili safari hii nami nibaki.

Manispaa wametaka karatasi ya maelezo ibandikwe kando. Papa Rigobert amekataa: atasimama mwenyewe aelezee. Lakini ana sharti, na amelisema kwa sauti ya chini ambayo sasa najua si ya woga.

"Kama ni Bazungu peke yao, sitasema. Batalia, batanishika mukono, batarudi kwao. Mi nataka bantu betu baniulize. Ule mwenye nkambo yake alilala chini, na ule mwenye nkambo yake alisimama. Bakikosa, picha itabaki pale, na mi nitaikala nyumbani."

Jumamosi, 22 Novemba

Wiki moja imebaki. Ukurasa huu utachapwa katika Upupu kama ulivyo.

Ninyi mliopiga makofi saluni nilipomwita mzee huyu kibaraka: nilikosa, nanyi mlikosa pamoja nami. Sitaki mniambie kwamba mlikuwa mnaburudika tu. Njooni mmwangalie usoni kama nilivyomwangalia mimi.

Maman Marie-Jeanne atakuja, na hajasamehe. Yeyote ambaye wa kwao alilala chini ya fimbo, aje asimame pamoja naye, awe na hasira yake yote, aulize kila analotaka kuuliza. Papa Rigobert anangoja maswali hayo tangu Katuba. Baada yake nitasimama mimi, mjukuu wa askari wa Usumbura, ndiyo Bujumbura ya enzi zile, na nitasema jina la babu yangu hadharani kwa mara ya kwanza.

Na ninyi watatu mlionipigia simu tarehe kumi na mbili. Bwana wa Lubumbashi, mjukuu wa karani. Dada wa Bujumbura. Nawe uliyelia. Sihitaji hongera zenu. Mzee wa miaka sitini na minane amesema jina lake mbele yenu nyote, na hawezi kuushikilia ukuta ule peke yake. Ukumbi wa maonyesho, Auderghem, Jumamosi tarehe ishirini na tisa, saa tisa alasiri. Njooni, na safari hii mje na majina yenu.